Bei ya Zamani na Ujira wa Zamani



Marehemu ami yetu alikuwa karani bandarini Kilindini, na alipofariki alituachia sanduku la bati ambalo kwa miaka mingi hatukulifungua. Lilikaa katika chumba cha uani, chini ya majamvi makuukuu na vitabu vilivyotobolewa na mchwa. Miezi miwili iliyopita tulilifungua kutafuta hati ya shamba. Hati hatukuiona. Tulichokiona ni magazeti ya picha ya Marekani, ya mwaka 1946 hadi 1948, ambayo ami aliyapata kwa mabaharia wa meli zilizotia nanga hapa. Jina la nchi hiyo halikuwa geni kwa wazee wetu, kwani nguo ya merikani walikuwa wameivaa tangu zama za babu zao. Lakini maisha ya watu wake ndani ya nyumba zao yalikuwa jambo jingine.

Tuliketi jamvini jioni nzima tukifunua kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Humo mlikuwa na matangazo ya friji nyeupe, redio za mbao zenye ukubwa wa kabati, na magari yenye pua ndefu. Tukapendezwa, tukaanza kutafuta habari zaidi katika vitabu vya historia, na kuandika bei katika daftari. Chupa ya Coca-Cola, senti 5. Stempu ya barua, senti 3. Nauli ya treni ya chini ya ardhi mjini New York, senti 5, nayo haikuwa imebadilika tangu mwaka 1904. Mkate wa ratili moja, senti 10. Galoni ya petroli, kiasi cha senti 20.

Hapa yatupasa kukiri jambo. Orodha ile hatukuiandika kwa kupenda elimu peke yake. Tuliiandika kwa sababu nyumbani mwetu palikuwa na mvutano. Kijana wetu wa pili amemposa binti wa watu, mahari yamekubaliwa, na arusi imeahirishwa mara mbili kwa ajili ya nyumba. Kila chumba anachokiona mjini hudaiwa kodi ya miezi miwili mbele pamoja na amana, na mshahara wake hautoshi. Alipokuja kutushauri, sisi tulichukua daftari letu tukamsomea bei moja baada ya nyingine. Kisha tukamwambia, "Wenzenu walitoka vitani, wakaishi kwa senti, wakajenga na wakalea watoto. Nyinyi vijana wa leo hamtosheki."

Alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Akauliza neno moja tu: "Baba, na mshahara wao ulikuwa kiasi gani?"

Hatukuwa na jibu. Badala ya kusema hatujui, tulimwambia kwamba hayo ndiyo maneno ya mtu asiyetaka kujitahidi. Akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Ijumaa tatu mfululizo hakuja kula chakula cha mchana nyumbani.

Swali lile halikutuacha tulale. Tulirudi vitabuni kulitafutia jibu, na tuliyoyakuta ndiyo tutakayowasimulia, kwa sababu twadhani wazazi wengi wana orodha kama ile yetu, kama si katika daftari basi katika ndimi zao.

Ujira, basi. Kima cha chini kilichowekwa na sheria ya Marekani tangu Oktoba 1945 kilikuwa senti 40 kwa saa, na hakikuongezwa mpaka Januari 1950, kilipofikishwa senti 75. Mfanyakazi wa kiwandani, kwa wastani, alipata zaidi kidogo ya dola 1 kwa saa. Tukachukua kalamu tukaandika ujira kando ya bei. Kwa mtu wa kima cha chini, mkate ule wa senti 10 ulikuwa kazi ya robo saa. Ratili ya kahawa, iliyouzwa kama senti 34, ilikuwa kazi ya karibu saa nzima. Dazani ya mayai mwaka 1946 ilikuwa karibu senti 60, maana yake saa moja na nusu za kusimama mbele ya mashine. Na sheria yenyewe haikuwahusu vibarua wa mashambani wala watumishi wa majumbani, ambao katika majimbo ya kusini wengi wao walikuwa watu weusi. Hao senti 40 zilikuwa kwao habari ya kusikia. Daftari letu likaanza kusema mambo tofauti na yale tuliyomsomea kijana.

Kisha tukajifunza kwamba bei zile hazikuwa za chini kwa bahati. Wakati wa vita serikali ilikuwa imezifunga bei kwa sheria, ikawapa watu vitabu vya mgao kwa nyama, siagi, kahawa, viatu na petroli. Siku Japani iliposalimu amri, Agosti 1945, watu walijaa barabarani kwa furaha, na mgao wa petroli ukaondolewa mara moja. Mgao wa sukari uliendelea mpaka Juni 1947. Fedha watu walikuwa nazo, kwani miaka ya vita walifanya kazi nyingi na vya kununua vilikuwa vichache. Lakini viwanda vilikuwa vimeacha kutengeneza magari ya raia tangu Februari 1942, na kuvigeuza kutoka kwenye vifaru na ndege kulihitaji muda. Mwenye kutaka gari aliandikisha jina akangoja, na wauzaji wengine walitaka kitu cha pembeni ili jina lisogee juu. Mjini Pittsburgh, Juni 1946, watu wapatao 40,000 walipanga foleni kugombea jozi 13,000 za soksi ndefu za nailoni, mpaka wanawake wakashikana nywele.

Sisi tuliosoma mlango wa biashara katika vitabu vya fikihi twajua kwamba wanazuoni wamejadiliana tangu kale kama mtawala ana haki ya kuwapangia wauzaji bei, na katika hali gani. Mjadala huo Wamarekani waliuonja sokoni. Sheria ya kudhibiti bei ilikwisha muda wake tarehe 30 Juni 1946, Rais Truman akiwa amekataa kutia saini sheria mpya aliyoiona dhaifu. Kwa majuma kadhaa hapakuwa na kizuizi, na bei ya nyama ikapaa. Udhibiti uliporudishwa kwa nyama, wafugaji wakawazuia ng'ombe wao malishoni wasiwapeleke machinjioni. Mabucha yakabaki na kulabu tupu. Tarehe 14 Oktoba rais akasalimu amri akaondoa udhibiti wa nyama, na mwezi uliofuata chama chake kikapoteza mabaraza yote mawili ya Kongresi. Baina ya Juni 1946 na Juni 1947 bei za vitu vya maisha zilipanda kwa zaidi ya asilimia 17.

Waliobeba mzigo huo kila siku ni akina mama. Wao ndio walioingia dukani na kikapu na kutoka nacho nusu. Na hawakunyamaza. Mwaka 1946, na tena mwaka 1948, walipeana habari mlango kwa mlango na kwa simu, wakakubaliana kutonunua nyama mpaka wauzaji wapunguze bei. Waume zao nao waligoma viwandani. Wafanyakazi wa magari wa General Motors walikaa nje siku 113, kuanzia Novemba 1945 hadi Machi 1946. Walitaka nyongeza ya asilimia 30, tena bila kampuni kupandisha bei ya magari. Wakarudi kazini na nyongeza ya senti 18 na nusu kwa saa. Watu hawa ndio tuliomwambia kijana kwamba waliishi kwa senti na kutosheka.

Lakini lililotuchoma zaidi ni habari ya nyumba.

Vijana wale walirudi kwa mamilioni, wengi wao wakiwa na wachumba waliowangoja miaka mitatu au minne. Wakaoa. Mwaka 1946 peke yake Marekani ilizaa watoto wapatao milioni 3.4. Lakini nyumba hazikuwako, kwa kuwa ujenzi ulikuwa umedorora tangu miaka ya shida ya 1930, na vita vikaukata kabisa. Yakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1947 familia zipatazo milioni 6 ziliishi kwa jamaa au marafiki, mume na mke na mtoto katika chumba kimoja cha wakwe. Wengine walipewa mabanda ya bati yaliyojengwa kwa ajili ya jeshi. Chicago iliuza tramu kuukuu 250 ziwe nyumba za watu. Fikirini, kijana aliyevuka bahari kupigana na kurudi na nishani kifuani, akilala na mkewe ndani ya behewa lisilo na magurudumu.

Waliosaidika, walisaidiwa. Sheria iliyotiwa saini Juni 1944 iliwapa wanajeshi waliorudi nafasi ya kusoma kwa gharama ya serikali, na mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali. Mjenzi aitwaye William Levitt akanunua mashamba ya viazi katika Long Island, karibu na New York, akaanza kuzalisha nyumba kama kiwanda kinavyozalisha magari. Kazi aliigawa katika hatua ndogo ndogo. Kundi moja lilimwaga sakafu, kundi jingine likasimamisha kuta, jingine likapaka rangi, kila kundi likihama kutoka kiwanja hadi kiwanja. Mwaka 1948 walikuwa wakimaliza nyumba 30 kwa siku. Familia za kwanza ziliingia Oktoba 1947 kwa kodi ya kama dola 60 kwa mwezi, na mwaka 1949 nyumba ziliuzwa kwa dola 7,990. Mtu aliyetoka chumba cha wakwe alipata jiko lake, friji yake, na kipande cha ua cha kuchezea watoto.

Ndani ya mikataba ya mwanzo, hata hivyo, palikuwa na sharti lililoandikwa waziwazi kwamba nyumba isikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mweusi aliruhusiwa kulala humo akiwa mpishi. Akiwa mpangaji, hapana. Na ule mkopo wa serikali, ingawa sheria haikutaja rangi, ulipitia mikononi mwa mabenki ya mahali. Mwaka 1947, katika jimbo la Mississippi, ilionekana kwamba katika mikopo 3,229 yenye dhamana hiyo, ni miwili tu iliyowafikia wanajeshi weusi. Miwili. Tulilisoma jambo hilo mara tatu. Ikiwa mtu angewaambia wale weusi waliorudi kutoka vita vilevile kwamba wenzao wazungu wamepata nyumba kwa bidii na wao wamekosa kwa uvivu, angekuwa amewadhulumu mara ya pili.

Msidhani kwamba watu hao walishinda wakilia. Walikuwa na starehe zao. Mwaka 1946 ndio senema zilipofikia kilele chake, ambapo yakadiriwa tiketi milioni 90 hivi ziliuzwa kila juma, kila moja kama senti 40. Karibu kila nyumba ilikuwa na redio, na jioni familia iliketi kuizunguka kama sisi tulivyokuwa tukiwazunguka bibi zetu kusikiliza hadithi. Watu walizizoea sauti zake hata kwa habari za gazeti. Julai 1945, wasambazaji wa magazeti wa New York walipogoma, Meya La Guardia aliwasomea watoto vibonzo vya magazeti redioni. Televisheni ilikuwa ndiyo inaanza. Mashindano makuu ya besiboli ya mwaka 1947 yalionyeshwa kwa mara ya kwanza, na wengi waliyatazama katika vilabu vya pombe na madirishani mwa maduka, kwa sababu majumbani vyombo hivyo vilikuwa vichache mno.

Katika starehe hizo twaitaja filamu moja tu, kwa kuwa inahusu jambo letu. Yaitwa The Best Years of Our Lives, ilitoka Novemba 1946, na ilipata tuzo ya filamu bora ya mwaka. Yasimulia wanajeshi watatu wanaorudi mji mmoja. Mmoja wao, aliyekuwa mlenga mabomu ndegeni mwenye nishani, hakosi bidii, lakini kazi anayoipata ni ileile ya kuuza dukani aliyokuwa nayo kabla ya vita. Mwingine amepoteza mikono yote miwili. Na aliyemwigiza, Harold Russell, kwa kweli alikuwa mwanajeshi aliyepoteza mikono yake kwa mlipuko mafunzoni. Wa tatu ni mtu wa benki. Anajiwa na mkulima kijana, naye ametoka vitani, anayetaka mkopo ila hana rehani. Yule wa benki anamtazama mtu aliye mbele yake, akampa mkopo. Wakubwa wake hawakufurahi. Sisi tuliposoma habari ya kisa hicho tuliweka kitabu chini, kwa sababu nasi tulijiwa na kijana asiye na rehani, nasi tukamsomea bei ya soda.

Habari za dunia nazo ziliingia jikoni mwao. Ulaya ilikuwa na njaa. Tarehe 5 Oktoba 1947 Rais Truman alihutubia taifa kutoka Ikulu, hotuba ya kwanza ya Ikulu kuonyeshwa katika televisheni, akawaomba watu wasile nyama siku ya Jumanne, wala kuku na mayai siku ya Alhamisi, na kila mtu aokoe kipande kimoja cha mkate kwa siku, ili nafaka ipatikane ya kupeleka ng'ambo. Aliwaomba hayo watu ambao wenyewe walikuwa wakilalamikia bei. Na mwaka 1948, usiku wa uchaguzi, gazeti moja kubwa la Chicago liliharakisha kuchapa kwamba Truman ameshindwa, kabla kura hazijamalizika kuhesabiwa. Asubuhi ilimkuta ameshinda, na picha yake akiliinua gazeti lile huku anacheka ingali ikitazamwa hadi leo. Hukumu ya haraka haimwaibishi anayehukumiwa.

Tulimsimulia mama watoto wetu mambo haya yote usiku mmoja. Alikuwa akikunja nguo. Alitusikiliza, kisha akasema bila kuinua macho, "Na wewe, Sheikh, kodi yako ya kwanza ulimlipa nani?"

Tulinyamaza. Tulipooa, tulikaa miaka sita katika nyumba ya marehemu baba yetu, chumba cha juu kinachoelekea baharini. Hatukulipa hata senti. Mama yetu alipika, sisi tukala. Baba akalipa maji, sisi tukaoga. Mshahara wetu wa kufundisha chuoni ulikuwa mdogo kuliko wa kijana wetu, na bado tuliweka akiba, tukawa tukijisifu kwa akiba ile miaka thelathini. Katika daftari letu la maisha tulikuwa tumeandika bei, tukafuta jina la aliyelipa.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, tulikwenda sisi wenyewe kwa kijana, mahali alipopanga pamoja na wenzake watatu. Haikuwa kazi nyepesi. Mzazi wa Pwani hakuzoea kumwendea mwanawe kwa jambo kama hilo. Alipotuona mlangoni alishtuka, akadhani pana msiba. "Shikamoo, Baba. Kwema?"

"Marahaba. Kwema. Tumekuja kulijibu swali lako."

Tukampa daftari. Kando ya kila bei tulikuwa tumekwisha kuandika ujira. Akalisoma kimya, akifuatisha mistari kwa kidole, akasimama penye mayai. "Saa moja na nusu," akasema. Tukamwambia kwamba tulikosea, na kwamba neno tulilomwambia siku ile twaliondoa. Tukamweleza pia habari ya chumba cha uani. Paa lake lavuja upande mmoja na ndani mna sanduku la ami, lakini kuta ni imara, na kikisafishwa na kupakwa chokaa chaweza kuwasitiri watu wawili kwa mwaka mmoja au miwili, mpaka wajikusanye.

Hakutupokea kwa furaha ya papo hapo, nasi hatukuwa na haki ya kuitarajia. Alisema lazima kwanza azungumze na wazazi wa binti, kwa kuwa nao wana maoni yao juu ya mtoto wao kuishi uani kwa watu. Akasema pia kwamba akija, umeme atalipa yeye. Tulitaka kukataa, tukakumbuka kwamba kijana naye ana heshima yake, tukakubali. Ijumaa iliyofuata alikuja kula. Mama yake alimpakulia kwanza yeye, kabla yetu, na hatukusema neno.

Ndugu wasomaji, mambo ya Marekani ya miaka ile tumeyaleta kwenu kwa sababu hiyo. Twawaomba wazazi wenzetu, mnapowaambia watoto wenu kitu kiliuzwa bei gani zamani, waambieni pia mlilipwa kiasi gani, na mlilala nyumba ya nani. Fundi wa paa ametuahidi kuja Jumatatu.

Wabillahi tawfiq.